Kulegeza na Kurekebisha Tairodi za Gari: Mwongozo Kamili

Gari ambalo usukani wake umeinama upande mmoja huku lenyewe likienda moja kwa moja, au ambalo matairi yake ya mbele yanaliwa ukingoni kana kwamba yamepigwa tupa, kwa kawaida linadai kuangaliwa tairodi, yaani fimbo zinazounganisha mfumo wa usukani na magurudumu ya mbele. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa usahihi mkubwa hata pasipo mashine ya alaimenti, ile ya kupimia mwelekeo wa magurudumu, mradi anayeifanya akubali jambo moja tangu mwanzo: nguvu inahitajika kwa dakika chache tu za kulegeza nati iliyoganda, na yote yanayobaki ni kuweka alama, kuhesabu na kupima. Magari niliyoyaona yakiharibiwa katika kazi hii yaliharibiwa na watu wenye nguvu na spana nzuri, ambao walizungusha fimbo kabla ya kuweka alama.

Katika mwongozo huu nitatumia Toyota Corolla NZE121 kama mfano, kwa kuwa ni gari linalopatikana karibu kila mtaa wa Afrika Mashariki na sehemu zake za usukani zinafanana na za magari mengi madogo yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele. Mwenye Vitz, Probox, Fielder au gari lolote lenye reki na pinioni atafuata hatua zile zile, isipokuwa viwango vya ukazaji atakavyovisoma kwenye kitabu cha gari lake.

Tairodi inafanya nini

Dereva anapogeuza usukani, pinioni iliyo mwishoni mwa fimbo ya usukani huisukuma reki kwenda kushoto au kulia. Kila upande wa reki una fimbo inayoitwa reki endi, ambayo kiungo chake cha ndani kimefichwa chini ya buti la mpira lenye mikunjo kama kodiani. Ncha ya nje ya reki endi ina hesi, na juu ya hesi hizo huingia tairodi endi, yaani kile kipande chenye kiungo cha tufe la chuma ambacho shingo yake ya koni hupenya kwenye mkono wa nako, kile chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu na kugeuka nalo. Kati ya vipande hivyo viwili ipo nati moja, loknati, ambayo hukaza ili fimbo isijizungushe yenyewe barabarani.

Hivyo, urefu wa fimbo nzima kutoka reki hadi nako huamuliwa na kiasi cha hesi kilichoingia ndani ya tairodi endi. Ukizungusha reki endi ikaingia zaidi, fimbo hufupika, ukiitoa, hurefuka. Urefu huo ndio unaoamua kama ncha za mbele za magurudumu mawili zinaelekeana au zinapeana kisogo, na pembe hiyo mafundi huiita tou. Magurudumu yakielekea ndani kwa mbele, tunasema yana tou ya ndani. Yakielekea nje, tou ya nje. Gari lenye tou ya ndani iliyozidi hula kingo za nje za matairi, na lenye tou ya nje iliyozidi hula kingo za ndani. Katika hali zote mbili ukipitisha kiganja juu ya kashata za tairi kwa upana wake utahisi meno makali ukienda upande mmoja na ulaini ukirudi. Tairi lililolika ukingo mmoja bila meno hayo huwa linalalamikia kitu kingine, hasa kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele, ambayo tairodi haiwezi kuirekebisha kabisa.

Kabla ya kugusa spana

Hakuna marekebisho yanayoweza kutibu kiungo kilichochoka. Ukiweka tou sahihi kwenye tairodi endi inayocheza, vipimo vyako vitabadilika gari likipita tuta la kwanza, na utarudia kazi bila kuelewa kwa nini. Kwa hiyo anza kwa ukaguzi, wala usiuharakishe.

Egesha gari kwenye sakafu ngumu iliyosawazika, vuta breki ya mkono, kisha weka vizuizi nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua upande mmoja wa mbele kwa jeki mahali palipokusudiwa, uweke stendi, ndipo ushike tairi kwa mikono miwili, mmoja upande wa mbele na mwingine upande wa nyuma, kwenye kimo cha kitovu, ulitikise kwa kulisukuma na kulivuta. Mwenzako aangalie tairodi endi, na mkono wake mmoja uwe umeshika buti la reki ili ahisi kiungo cha ndani kupitia mpira. Mchezo unaoonekana nje ni wa tairodi endi. Mgongano unaohisiwa ndani ya buti ni wa reki endi. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise tena: likicheza hapo, tafuta ubovu kwenye beringi ya gurudumu au kiungo cha mkono wa chini, kwa sababu tairodi haihusiki na mwendo huo.

Kuna jaribio lingine ninaloliamini zaidi, kwa kuwa hufanyika gari likiwa na uzito wake wote chini. Injini ikiwa imezimwa na usukani haujafungwa, mwenzako autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, kiasi cha vidole viwili tu, huku wewe umeweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu. Kiungo kizima husogea kama kitu kimoja. Kiungo kilichochoka hugonga kiganjani, na mara nyingi utakisikia kabla hujakiona. Kagua pia mpira wa vumbi wa kila tairodi endi. Ukiwa umepasuka na grisi yake imegeuka tope, kiungo hicho hakina muda mrefu hata kama bado hakijaanza kucheza, na ni afadhali kukibadilisha sasa kuliko kupima leo na kupima tena baada ya mwezi.

Mwisho wa ukaguzi ni upepo wa matairi. Jaza magurudumu yote manne kwa kiwango kilichoandikwa kwenye bango la nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hulaza gari upande wake na kuvuta usukani, na wapo waliozungusha tairodi kutibu upungufu wa upepo.

Vifaa

Utahitaji jeki na stendi mbili imara, spana bapa mbili za kushikilia tairodi endi na kulegeza loknati (kwa magari ya daraja hili huwa kati ya namba 19 na 22, kwa hiyo pima kabla), soketi ya namba 21 kwa nati za magurudumu, brashi ya waya, mafuta ya kupenya kutu, rangi nyeupe au rangi ya kucha, futi ya chuma yenye milimita zinazosomeka vizuri, na kamba nyembamba ya mwashi isiyolegea. Kama unabadilisha tairodi endi, ongeza soketi ya nati yake, plaisi, spliti pini mpya (pini ya kuzuia nati isifunguke) na puli ya viungo, yaani kifaa cha kukamua koni kutoka kwenye tundu lake. Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ni ya lazima kwangu. Wanaokaza usukani kwa kubahatisha hubahatisha na maisha ya abiria. Miwani ya kukinga macho nayo ivaliwe, kwa kuwa kutu ya chini ya gari hudondoka usoni.

Hatua ya kwanza: kupata katikati ya reki

Hatua hii huachwa na wengi, nayo ndiyo inayoamua kama usukani utakaa sawa mwishoni. Ukiwa na magurudumu ya mbele juu ya stendi, geuza usukani taratibu hadi mwisho wa kushoto, kisha uhesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Rudi nusu ya hesabu hiyo. Hapo reki iko katikati ya safari yake, na usukani unapaswa kuwa umenyooka au karibu sana na kunyooka. Ukiona umeinama robo mzunguko, kuna mtu aliyewahi kuuchomoa usukani akaurudisha vibaya, au aliyerefusha fimbo ya upande mmoja peke yake.

Sasa hesabu hesi zinazoonekana nje ya loknati kila upande, au pima urefu wake kwa futi. Toyota hutaka tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi milimita 1.5. Tofauti ikiwa kubwa kuliko hapo huku gari likienda moja kwa moja, usikimbilie kusawazisha. Jiulize kwanza kama mkono wa chini, nako au fimbo yenyewe imepinda kwa kugonga shimo au ukingo wa barabara.

Hatua ya pili: alama na usafi

Safisha hesi zilizo wazi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Hesi chafu hudanganya: nati hulegea robo mzunguko, hukwama kwenye kutu, nawe ukaongeza nguvu mpaka fimbo yote inazunguka na buti linajikunja. Zipake mafuta ya kupenya, ukaziache kwa nusu saa au zaidi. Kama gari limeishi kando ya bahari, mafuta yapakwe jioni na kazi ifanywe asubuhi.

Kisha chora mstari mmoja mwembamba wa rangi unaopita juu ya tairodi endi, loknati na fimbo kwa pamoja. Mstari huo ndio utakaokuonyesha umezungusha kiasi gani, na ndio utakaokurudisha ulikoanzia ukipotea. Andika pia kwenye karatasi urefu wa hesi za kila upande.

Hatua ya tatu: kulegeza loknati

Kanuni hapa ni kwamba spana mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja. Moja hushika sehemu bapa ya tairodi endi isigeuke, na nyingine hugeuza loknati ikiondoka kwenye tairodi endi kuelekea katikati ya gari. Ukitumia spana moja, nguvu yote huishia kwenye kiungo cha tairodi endi, ambacho hujipinda mpaka mwisho wa uwezo wake na kuumia ndani bila wewe kuona. Katika Corolla hii hesi za pande zote mbili ni za kawaida, za mkono wa kulia. Tairodi endi ya kushoto haikugeuzwa, ingawa ukiwa umelala chini ya gari ni rahisi kuchanganyikiwa kwa kuwa unaitazama kutoka upande wa pili. Tazama loknati inasogea kuelekea wapi, na usitegemee kukumbuka kulia na kushoto.

Nati ikigoma, jaribu kwanza kuikaza kidogo sana, kiasi cha kuvunja kutu, halafu uilegeze. Ikikataa bado, igonge nyuso zake kwa nyundo ndogo, ongeza mafuta, usubiri. Sipendi kutumia moto hapa. Kiungo kina grisi na plastiki ndani yake, buti la reki ni mpira, na mpira wa breki uko sentimita chache tu kutoka hapo. Kama tairodi endi inabadilishwa hata hivyo, fundi mzoefu anaweza kuipasha joto kwa uangalifu, lakini kwa anayerekebisha tou peke yake moto hauna nafasi.

Nati ikishalegea, irudishe nyuma mzunguko mmoja au miwili, isizidi. Sasa fungua klipu ndogo ya ncha ya nje ya buti la reki, ile inayobana mpira juu ya fimbo, na upake grisi kidogo chini ya mpira ili fimbo iteleze ndani yake.

Naomba nisisitize klipu hiyo, kwa sababu niliidharau mwenyewe. Niliwahi kurekebisha Corolla ya ndugu yangu nikazungusha fimbo bila kuifungua, nikaona gari limenyooka, nikaridhika. Buti lilikuwa limejisokota kama nguo inayokamuliwa, likapasuka kwenye mkunjo wakati wa masika, maji na mchanga vikaingia, na baada ya miezi michache reki endi ilikuwa na kutu na reki yenyewe imechorwa mikwaruzo. Gharama ya reki nzima ilitokana na klipu ya kubana kwa plaisi.

Kama unabadilisha tairodi endi

Anayerekebisha tou tu hana sababu ya kuchomoa koni kwenye nako, na anaweza kuruka sehemu hii.

Kwa anayebadilisha, loknati ilegezwe robo mzunguko wakati tairodi endi bado imeshikwa na nako, kwa sababu ikishatoka haina cha kuishikilia vizuri. Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, inua, weka stendi, ondoa gurudumu. Nyoosha na uchomoe spliti pini, kisha legeza nati ya taji, ile yenye meno inayoshikilia koni, lakini uiache imeshikilia hesi chache, usawa na ncha ya skrubu, yaani mwisho wenye hesi wa shingo ya koni, ili koni ikiachia kwa ghafla isirukie nje na pia ili hesi zisipigwe nyundo. Funga puli, ikaze mpaka iwe na mvutano, kisha gonga ubavu wa mkono wa nako, pale koni inapopita. Mshtuko wa ubavuni hupanua tundu kwa sekunde moja na koni huachia kwa mlio mkali. Usigonge skrubu kwa juu, na ule uma wa chuma wa kutenganisha viungo utumike tu kama kiungo kinatupwa, kwa sababu hukata mpira wa vumbi karibu kila mara.

Ikiwa skrubu inazunguka pamoja na nati na haikubali kufunguka, weka jeki ndogo chini ya tairodi endi uisukume juu kidogo; koni hukaza tena kwenye tundu na nati hutoka.

Zungusha tairodi endi uitoe ukihesabu kila nusu mzunguko kwa sauti, uandike. Mpya irudishwe kwa hesabu hiyo hiyo, lakini usiiamini hesabu peke yake. Tairodi endi za watengenezaji tofauti hupishana urefu wa mwili, na mizunguko 17 ya moja si lazima iwe mizunguko 17 ya nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kutoa ya zamani, pima kutoka katikati ya skrubu yake hadi alama uliyoiweka kwenye fimbo, na mpya uiweke mpaka kipimo hicho kirudi. Hakikisha pia hesi zilizoingia ndani hazipungui mara moja na nusu ya unene wa fimbo.

Safisha koni na tundu lake kwa kitambaa kikavu, bila grisi. Nati ya taji ya gari hili hukazwa kwa newtoni-mita 49. Tundu la spliti pini lisipolingana na jino la nati, endelea kukaza mbele hadi lilingane, isizidi sehemu ya sita ya mzunguko. Kamwe usirudi nyuma kwa kulegeza.

Hatua ya nne: kupima tou kwa kamba

Kupima kwa futi kati ya tairi la kushoto na la kulia kunaleta taabu kwa sababu injini na krosimemba, boriti ya chini inayokatiza gari, hukaa njiani. Kamba mbili zilizonyooka ni njia bora, nayo ilitumika muda mrefu kabla ya mashine za mwanga.

Tafuta mabomba mawili mepesi yaliyonyooka, marefu kuliko upana wa gari, na yawekee mikato miwili ambayo umbali wake ni sawasawa kabisa kwa yote mawili. Bomba moja liwe mbele ya gari na jingine nyuma, kila moja juu ya stendi au ndoo, kwenye kimo cha vitovu vya magurudumu. Funga kamba kutoka mkato hadi mkato kila upande, uzivute ziwe ngumu. Kwa kuwa mikato iko mbali sawa, kamba ziko sambamba. Kilichobaki ni kuziweka zifuate mstari wa gari. Pima kutoka kamba hadi katikati ya kitovu cha mbele cha kushoto na cha kulia, usogeze bomba la mbele mpaka vipimo viwili vilingane. Fanya hivyo hivyo nyuma. Kipimo cha mbele kinaweza kutofautiana na cha nyuma, kwa kuwa upana wa magurudumu haulingani katika kila gari. Kinachotakiwa ni kushoto kulingana na kulia.

Kabla ya kupima, gari liwe limesukumwa mbele mita chache baada ya kushushwa kutoka kwenye jeki, kisha libonyezwe mbele mara kadhaa ili springi zikae. Ukiweza, weka chini ya kila tairi la mbele vipande viwili vya bati laini vyenye grisi katikati, ili tairi lijielekeze bila kushikwa na sakafu. Usukani ufungwe kwa kamba kwenye kiti ukiwa umenyooka. Usitegemee kufuli la swichi, kwani hufunga mahali popote linapopenda.

Sasa pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu hiyo hiyo. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na kamba, gurudumu hilo lina tou ya ndani kwa kiasi cha tofauti hiyo. Ukiwa karibu zaidi, lina tou ya nje.

Hatua ya tano: kuzungusha

Hapa ndipo panapohitaji akili tulivu. Mwelekeo wa marekebisho hutegemea kama tairodi ziko nyuma au mbele ya mstari wa vitovu. Katika Corolla hii ziko nyuma. Kwa hiyo ukirefusha fimbo, unasukuma sehemu ya nyuma ya gurudumu kwenda nje na pua yake inaingia ndani; ukifupisha, pua inatoka nje. Gari ambalo tairodi zake ziko mbele ya vitovu hufanya kinyume kabisa. Piga magoti utazame kabla ya kuzungusha, hata kama umeambiwa na mtu unayemwamini.

Kiasi cha kuzungusha kinaweza kukadiriwa. Hesi za kawaida za reki endi katika magari haya zina hatua ya milimita 1.5, na unaweza kulithibitisha kwa kupima hesi kumi, ambazo zitachukua milimita 15. Tuchukulie kuwa umbali kutoka mhimili ambao gurudumu hugeukia hadi kwenye koni ni milimita 130, na rimu ya inchi 14 ina karibu milimita 390 ukingo hadi ukingo. Uwiano ni mara tatu, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili wa fimbo hubadilisha kipimo cha rimu kwa milimita 4.5, na sehemu ya sita ya mzunguko, yaani uso mmoja wa nati ya pembe sita, hukibadilisha kwa milimita 0.75. Anayezungusha fimbo mara mbili au tatu kabla ya kupima upya amekwisha kulipotosha gari.

Tuseme gurudumu la kushoto limetoa milimita 182 mbele na 179 nyuma, na la kulia milimita 180 mbele na 179 nyuma. La kushoto lina tou ya ndani ya milimita 3 na la kulia milimita 1. Corolla za kizazi hiki hutakiwa kuwa karibu na sifuri, kwa hiyo fimbo ya kushoto ifupishwe theluthi mbili za mzunguko, yaani nyuso nne, na ya kulia uso mmoja na kidogo. Zungusha fimbo yenyewe, tairodi endi ikiwa imetulia, huku ukitazama hesi zikipotea ndani. Sukuma gari nyuma na mbele, libonyeze, upime tena.

Kama jumla ya tou ni sahihi lakini usukani umeinama gari likienda moja kwa moja, fimbo moja hurefushwa na nyingine hufupishwa kwa kiasi kile kile. Kwa gari lenye tairodi nyuma ya vitovu, usukani ulioinamia kulia hurekebishwa kwa kufupisha fimbo ya kulia na kurefusha ya kushoto. Ulioinamia kushoto hufanyiwa kinyume chake. Anza na sehemu ya sita ya mzunguko kila upande.

Wenye Land Cruiser za mfululizo wa 70 wana mpangilio tofauti. Ekseli yao ya mbele ni ngumu, na fimbo moja ndefu huunganisha magurudumu mawili, ikiwa na hesi za kawaida upande mmoja na za kinyume upande wa pili. Wao hulegeza bolti za klampu za pande zote mbili na kuzungusha fimbo yote bila kuchomoa chochote, na usukani hunyooshwa kwenye fimbo nyingine inayotoka kwenye boksi la usukani. Klampu zao ndizo hatari: bolti zikigeukia upande wa springi au ekseli, hugonga usukani ukikatwa hadi mwisho.

Hatua ya sita: kukaza na kujaribu

Kabla ya kukaza loknati, hakikisha kiungo cha tairodi endi kimekaa katikati ya uchezaji wake, hakijalala mbele wala nyuma, la sivyo kitabana usukani ukigeuzwa sana. Shika tairodi endi kwa spana, ukaze loknati kwa newtoni-mita 74, kisha upime tou tena, kwa sababu ukazaji huo husogeza kipimo kidogo. Nyoosha buti la reki lisiwe na msokoto hata mmoja, urudishe klipu. Nati za magurudumu zikazwe kwa mtindo wa msalaba, newtoni-mita 103, gari likiwa limeshuka. Chora mstari mpya wa rangi kwenye loknati.

Geuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho injini ikiwaka, huku mwenzako akitazama mabuti na mipira ya breki isiguswe na chochote. Nenda barabara tambarare isiyo na magari, uendeshe polepole kwanza, ujaribu breki, kisha uongeze mwendo. Usukani ukae sawa na urudi wenyewe baada ya kona. Kumbuka kuwa barabara nyingi zimeinamishwa kutoka katikati ili maji yatiririke, hivyo gari kuvutika kidogo upande wa pembeni peke yake si kosa la tairodi. Gari lenye mfumo wa kudhibiti kuteleza lina sensa ya pembe ya usukani, na taa yake ikiwaka baada ya marekebisho, sensa hiyo inahitaji kuwekwa sifuri upya kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari.

Baada ya kilomita 100 hivi, ingia chini ya gari tena uangalie ule mstari wa rangi. Ukiwa bado umenyooka juu ya nati, fimbo na tairodi endi, loknati imeshika. Ukiwa umekatika, loknati imerudi nyuma; usiikaze tu na kuondoka, bali fungua, kagua hesi zake, upime tou upya kuanzia hatua ya nne.